Kifua Kikuu na Maradhi Yanayoandamana Nacho

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama mkutanoni Likunja



Mkutano uliopita ulituagiza tuseme maneno machache juu ya ugonjwa wa kifua kikuu, na hasa tujibu swali lililoulizwa na mwanachama mmoja wa kata hii ya Likunja. Swali lenyewe lilikuwa hili: Kwa nini wagonjwa wawili wenye ugonjwa mmoja, waliopewa vidonge vya namna moja na muuguzi mmoja, mmoja apone na kurudi shambani kwake kupalilia mikorosho, na wa pili abaki barazani akihema, au afe kabla ya dawa kwisha? Twaungama kuwa swali hili ni zuri kuliko jibu letu. Yafaa pia mjue tangu mwanzo ya kuwa sisi si waganga. Sisi ni makarani, kazi yetu ni kalamu na daftari, na haya tutakayoyasema tumeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza wenye elimu hiyo, na kwa kuyatazama yanayopita mbele ya meza zetu.

Na tuanze na hilo daftari, maana ndiko tunakokujua. Kila mahali panapotolewa dawa za kifua kikuu pana daftari kubwa lenye safu nyingi: safu ya jina, ya kijiji, ya umri, ya mume au mke, ya kohozi lilivyoonekana, ya tarehe ya kuanza dawa, na mwisho ile safu ya matokeo. Wengi wetu hudhani daftari lile ni kazi ya kumridhisha mkaguzi tu. Sivyo. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, aliyekuwa mshauri wake mkubwa ni Daktari Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia, ambaye mwenyewe alipata kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bwana huyu alishika neno moja bila kuliacha: kwamba kila mgonjwa aandikwe, na kila aliyeandikwa ijulikane mwisho wake, amepona, amefariki, au amepotea. Asiyejulikana mwisho wake asihesabiwe kuwa amepona. Njia hiyo ilijaribiwa kwanza hapa Tanzania, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaichukua na kuwapa mataifa yote. Basi mabwana, katika mambo machache ambayo dunia imejifunza kutoka kwetu, mojawapo ni kazi ya karani. Tusiidharau.

Sasa tuseme juu ya ugonjwa wenyewe kwa ufupi, kwa kuwa wengi wenu mwaujua. Kifua kikuu huletwa na vijidudu ambavyo Robert Koch, mganga wa Kijerumani, alitangaza kuvigundua tarehe 24 Machi mwaka 1882. Vijidudu hivi hutoka katika kifua cha mgonjwa anapokohoa, na huingia kwa mwingine kwa njia ya hewa. Walakini kuvuta vijidudu si kuugua. Watu wengi sana wanavyo mwilini, vimelala, na mwili umevizungushia boma. Katika watu kumi wa namna hiyo, tisa huenda kaburini kwa sababu nyingine bila kuugua kifua kikuu kamwe. Huyo wa kumi huugua kwa sababu boma lake limebomoka. Tafadhalini shikeni neno hili la boma, kwa maana jibu la swali la mwenzetu liko ndani yake.

Zamani hapakuwa na dawa. Hospitali ya Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kuwa mahali pa kuwatunza wenye ugonjwa huu, na matunzo yenyewe yalikuwa hewa safi, chakula na mapumziko. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943, kisha mwaka 1952 ikaja isoniazidi. Wazee wa upande huu wanaokumbuka mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza baada ya vita na kufa mwaka 1951, watakumbuka jinsi watu walivyokusanywa makambini kwa maelfu, wakilala pamoja katika nyumba za haraka. Hapo penye watu wengi chini ya paa moja ndipo kifua kikuu hupapenda. Baadaye majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki na Zambia, pamoja na wataalamu wa Uingereza, yalionyesha mwaka 1972 kuwa matibabu ya mwaka mmoja na nusu yaweza kufupishwa yakawa miezi sita. Wagonjwa waliofundisha ulimwengu jambo hilo walikuwa watu wa kwetu, ijapokuwa majina yao hayamo vitabuni.

Tukirudi kwenye daftari, mtu akilifungua na kuhesabu, jambo la kwanza atakaloliona ni kwamba wanaume ni wengi kuliko wanawake. Haliko kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani. Katika kila mia moja, 55 walikuwa wanaume, 33 wanawake, na 12 watoto. Wako wanaosema kuwa labda wanawake huugua sawasawa lakini hawafiki hospitali. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, na imekwisha kupimwa. Mwaka 2012 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kuwafuata watu vijijini mwao, zaidi ya watu wazima 50,000, wakapimwa wote, wenye kukohoa na wasiokohoa. Hapo hapakuwa na suala la nani amefika hospitali na nani hakufika. Hata hivyo wanaume wenye ugonjwa walionekana kuwa wengi kuliko wanawake, na kadiri umri ulivyozidi ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Tena, hesabu za nchi nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2016 zilionyesha kuwa wanaume wenye kifua kikuu katika jamii ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na kwamba mwanamume hukaa na ugonjwa bila kugunduliwa muda mrefu kuliko mwanamke. Basi sisi wanaume twaugua zaidi, na juu ya hayo twachelewa zaidi. Mabibi waliomo humu wasicheke sana. Zamu yao inakuja.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja ni tumbaku. Katika uchunguzi wa mwaka 2018, watumiaji wa tumbaku katika nchi yetu walikuwa karibu wanaume 15 katika kila mia, na wanawake 3 tu. Moshi huchoma zile nywele ndogo za ndani ya mapafu ambazo kazi yake ni kufagia. Sababu ya pili ni pombe, na pamoja na pombe mahali inaponywewa, chumba kidogo kisicho na dirisha, kikombe na maneno hadi usiku. Ya tatu ni kazi. Katika wilaya hii ya Ruangwa vijana wetu wengi wameingia katika machimbo madogo ya dhahabu. Vumbi la jiwe lililosagwa hukaa ndani ya mapafu daima, wala hakuna dawa ya kulitoa, na mapafu yenye vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi mno. Kijana wa miaka 28 mwenye ugonjwa wa vumbi tayari ana maradhi sugu, ingawa hajijui, naye hawezi kuhesabiwa pamoja na kijana mwingine wa umri wake anayelima ufuta.

Tumefika mahali ambapo yatupasa kusimulia habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, wala ofisi yake, wala zahanati alikotibiwa. Alikuwa karani wa miaka mingi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Alianza kukohoa mwanzoni mwa msimu wa korosho, mwezi wa Oktoba. Mara tatu alikwenda kutibiwa na mara tatu akapewa dawa ya maji ya kikohozi, wala hakuulizwa kohozi. Akakonda. Akawa anakunywa maji mengi, na usiku hutoka nje mara nne au tano. Sisi wenzake tuliyaona hayo yote, na aibu yetu ni kwamba tulisema kwa siri maneno mengine, yale ambayo watu husema wakimwona mtu anakonda. Mwezi wa Januari akapimwa kohozi, vijidudu vikaonekana, akaanza dawa. Alipimwa na VVU, hana. Tukafurahi, tukasema, basi atapona. Miezi miwili ikapita, kikohozi kikapungua lakini mwili haukurudi. Kidonda kidogo cha mguuni hakikufunga. Mwezi wa nne akaanguka ofisini. Alipofikishwa hospitali kubwa ndipo damu yake ilipopimwa sukari kwa mara ya kwanza. Alifariki siku ya tatu.

Baada ya mazishi mmoja wetu alipata kuliona lile daftari. Safu ya matokeo ilisema: amefariki. Safu ya VVU ilijazwa. Hapakuwa na neno lolote juu ya sukari. Na safu ya umri iliandikwa miaka 46. Mabwana, sisi tuliosoma naye tunajua alikuwa na miaka 57. Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo kila mtu humu analijua na hakuna alisemaye: baadhi yetu watumishi tuna umri wa aina mbili, umri wa kazini na umri wa nyumbani. Kwa kuwa mtumishi hustaafu akifika miaka 60, wako walioipunguza miaka tangu siku ya kuajiriwa, na miaka hiyo iliyopunguzwa huwafuata mpaka hospitali. Mhudumu aliyemwona mtu wa miaka 46 huenda hakuwaza sukari upesi kama angemwona mtu wa miaka 57. Hatusemi kuwa uongo wa miaka kumi na mmoja ndio uliomwua. Twasema kwamba haukumsaidia.

Ugonjwa wa kisukari na kifua kikuu ni marafiki wa siku nyingi. Mwenye kisukari ana hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili au tatu kuliko asiye nacho, kwa kuwa sukari nyingi katika damu huwalevya askari wa mwili, lile boma likabaki bila walinzi. Uchunguzi wa Mwanza uliotangazwa mwaka 2011 ulikuta kisukari kwa wagonjwa karibu 17 katika kila mia ya wenye kifua kikuu, na kwa watu 9 katika kila mia ya wasio nacho. Wachunguzi wale wale wakaona kuwa katika wagonjwa wasio na VVU, wenye kisukari walikufa kwa wingi zaidi katika siku 100 za kwanza za matibabu. Lipo na jambo jingine: mmoja wa vidonge vya kifua kikuu, rifampisini, hulifanya ini kuziharibu upesi dawa nyingine, na baadhi ya vidonge vya sukari ni miongoni mwao. Mtu aweza kumeza vidonge vyake vyote kwa uaminifu, na sukari isishuke. Tena homa ya kifua kikuu yenyewe hupandisha sukari kwa muda, hivyo aliyeonekana na sukari mwanzoni hupasa kupimwa tena mwishoni, asije akaitwa mwenye kisukari maisha yake yote kwa bure.

Yako mambo ya mahali petu yanayofanya neno hili la sukari kuwa zito zaidi. Kwa miaka mingi, mtu akisema kifua kikuu, wa pili husema UKIMWI, na haikuwa makosa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana Kagera mwaka 1983, na tangu hapo hesabu ya kifua kikuu ya nchi nzima ilipanda kutoka kama wagonjwa 12,000 kwa mwaka hadi zaidi ya 60,000. Lakini nchi yetu ni kubwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017, mkoa wa Njombe ulikuwa na watu wazima zaidi ya 11 katika kila mia wenye VVU, na mkoa huu wa Lindi ulikuwa na chini ya mmoja. Hatusemi haya ili mtu yeyote alegeze mwendo. Twasema kwamba mgonjwa wa Likunja akipimwa VVU na kuonekana hana, kazi haijakwisha. Ndiyo kwanza imeanza. Hapo yapaswa kuulizwa sukari, shinikizo la damu, figo, pombe, vumbi, na umri wa kweli. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa watu 9 katika kila mia wa umri wa miaka 25 hadi 64, na shinikizo la damu kwa 26. Huo ni ugonjwa wa watu wengi, wala si wa matajiri wa mjini.

Na sasa tuwageukie mabibi, kama tulivyoahidi. Mwanamke huugua kifua kikuu kwa uchache, lakini ugonjwa wake mara nyingi hujificha. Kwanza, umri. Kwa mwanamke VVU huja mapema kuliko kwa mwanamume. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 walioonekana na VVU katika nchi yetu walikuwa karibu wanawake 6 katika kila mia, na wanaume 3. Kwa hiyo mwanamke kijana mwenye kifua kikuu ana sababu kubwa ya kupimwa VVU, na mwanamume mzee ana sababu kubwa ya kupimwa sukari, ingawa wote wawili yafaa wapimwe yote mawili. Pili, uzazi. Wakati wa mimba na miezi ya kwanza baada ya kujifungua, mwili hulegeza ulinzi wake. Uchovu, kukonda, jasho la usiku, mambo haya kwa mama mwenye mtoto mchanga huitwa kunyonyesha, na hakuna anayeyaangalia. Tatu, kifua kikuu chaweza kushika tumbo la uzazi bila kikohozi chochote. Mwanamke huyo haji kwa kukohoa; huja, ikiwa anakuja, kwa sababu hapati mtoto. Je, ni wangapi walioachwa na waume zao kwa utasa, na waliokwenda kwa mganga wa kienyeji mmoja baada ya mwingine, na kumbe walikuwa na ugonjwa wenye dawa?

Nne ni jambo dogo ambalo lilitushangaza. Katika Rawalpindi, nchi ya Pakistan, wachunguzi walitangaza mwaka 2007 kuwa wanawake walipoelezwa vizuri jinsi ya kutoa kohozi, yaani litoke kifuani na si mate ya mdomoni, wengi zaidi walionekana na vijidudu. Hawakuongezewa mashine wala dawa, ila maelezo tu. Mwanamke wa kwetu naye amelelewa kuona haya kukohoa kwa nguvu na kutema mbele za watu, na zaidi akiwa mbele ya kijana mwanamume mwenye kikopo mkononi. Hutema mate, mate hayana kitu, na daftari huandikwa: hana ugonjwa. Katika zahanati ambayo mhudumu ni mwanamume, hapakosekani mama mmoja mwenye heshima awezaye kuitwa aeleze.

Tano, dawa ile ile ya rifampisini inayozishinda dawa za sukari huzishinda pia dawa nyingi za kupanga uzazi, vidonge na hata vijiti vya mkononi. Mwanamke asiyeambiwa hivyo hushika mimba katikati ya matibabu, na nyumbani huambiwa maneno. Na yule aliyepika kwa kuni tangu utoto ana moshi wa miaka arobaini ndani ya mapafu yake, ijapokuwa hakuvuta sigara hata siku moja. Tumbaku imeandikwa katika maswali ya hospitali. Jiko halimo.

Kuna na desturi. Wamwera, kama mjuavyo, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya wapwa wake. Mwanamke akizidiwa huondolewa kwa mumewe akapelekwa kwa ndugu zake; mwanamume akizidiwa naye hurudi kwa dada zake na mama yake. Hatulaumu, ndugu ndio wanaouguza. Lakini daftari limeandika kijiji cha kwanza. Anayefuatiliwa hayupo, na huko aliko hajulikani, na katika safu ya matokeo huandikwa: amepotea. Hakupotea. Yuko kwa mjomba wake, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli, na vidonge vimekwisha tangu juzi. Mtendaji wa kijiji kimoja angemwandikia mtendaji wa kijiji cha pili mistari miwili tu, au ampigie simu, na mtu huyo angepatikana jioni ile ile.

Juu ya watoto tutasema kwa haraka. Mtoto wa chini ya miaka mitano boma lake halijajengwa bado. Kwake ugonjwa hukimbia upesi, ukaingia katika damu au katika utando wa ubongo. Hawezi kutoa kohozi, na siku hizi yaruhusiwa kupima choo chake badala yake. Kati ya miaka mitano na kumi watoto huugua kwa uchache sana, wavulana na wasichana sawasawa. Tofauti ya mume na mke huanza kuonekana baada ya kubalehe, kisha hupanuka kadiri umri unavyosonga.

Wazee ndio tunaotaka kuwatazama kwa muda. Mzee wa miaka 65 aweza kuwa alivuta vijidudu akiwa kijana, vikalala miaka arobaini. Uzee wenyewe, pamoja na sukari, pamoja na chakula kidogo, hubomoa boma. Kikohozi chake hakishangazi mtu. Husemwa, ni kikohozi cha uzee. Au, ni pumu yake ya siku zote. Au, ni tumbaku. Hana homa kali, hatemi damu, hukonda polepole kama mshumaa. Na mzee huyu hakai peke yake. Katika vijiji vyetu wazazi vijana huenda kutafuta maisha, watoto hubaki kwa bibi na babu. Mtoto wa miaka miwili hulala katika chumba cha babu. Hapo umri mkubwa na umri mdogo hukutana juu ya mkeka mmoja, na anayeletwa hospitali kwanza, akiwa amechelewa, ni mtoto. Mhudumu mwenye akili huuliza: huyu mtoto analala na nani?

Hata aliyepona ana neno la kusema. Huko Blantyre, nchi ya Malawi, wagonjwa waliomaliza dawa na kuitwa wazima walipimwa pumzi, na kama theluthi moja yao walionekana kuwa na mapafu yasiyofanya kazi sawasawa. Vijidudu vimekufa lakini makovu yamebaki. Huyu ndiye yule aliyekaa barazani akihema, ambaye mwenzetu aliuliza habari zake. Watu humwambia ugonjwa umerudi, au hakumeza dawa, au ni mvivu. Yamkini hakuna hata moja lililo kweli katika hayo matatu. Ana maradhi sugu ya mapafu, na kazi ya jembe imemshinda, na yafaa apimwe kohozi tena ili ijulikane, kisha atunzwe kwa hali aliyo nayo.

Basi jibu letu kwa mwanachama wa Likunja ni kwamba wale wagonjwa wawili hawakuwa na ugonjwa mmoja. Walikuwa na kifua kikuu wote wawili, lakini mmoja alikuwa nacho peke yake, na wa pili alikuwa na kifua kikuu na kingine. Kile kingine hubadilika kwa mume na mke, na kwa umri. (Twaambiwa kuwa kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa kifua kikuu katika makohozi, nao hufanya kazi hiyo kwa uhodari. Panya wa kunusa hicho kingine hajapatikana. Kwa hiyo itabidi tuulize kwa mdomo.)

Tunaleta maombi mbele ya mkutano, nayo si mengi. Wanachama walio na kazi ya madaftari wasiache safu ya umri iwe ya kukisia, na pale ambapo daftari halina nafasi ya maradhi mengine, waandike pembeni kwa mkono: sukari, presha, mapafu, na tarehe ya kupimwa. Mwanachama akienda kutibiwa ataje umri wa nyumbani. Mganga si afisa wa pensheni. Mwenye kikohozi cha wiki mbili asikubali chupa ya pili ya dawa ya maji kabla hajatoa kohozi.

La mwisho ni gumu kidogo, nasi twaliweka wazi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwa kila mtu. Dawa za sukari na za shinikizo la damu, sisi watumishi twazipata kwa kadi ya Bima ya Afya. Jirani yetu mkulima mara nyingi huambiwa akanunue. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa zahanati moja, mmoja karani na mmoja mkulima, humeza pamoja vidonge vya kifua kikuu asubuhi, na jioni mmoja tu ndiye mwenye vidonge vya sukari. Twaomba Chama kimwandikie barua Mkurugenzi wa Halmashauri, kuuliza kama wagonjwa wa kifua kikuu walioonekana na sukari waweza kupewa dawa zake kwa miezi ile sita pamoja na hizo nyingine. Barua tumekwisha kuiandika, iko kwa Bwana Katibu, na yeyote atakaye kuirekebisha lugha na airekebishe kabla ya kupigwa chapa.

Muuguzi amekubali kuja hapa Jumamosi ijayo na kipimo cha sukari. Watakaopimwa waje asubuhi, kabla ya kunywa chai.